Kuchemsha, klorini, chujio au mashine: maji ya kunywa kwenye makao ya wazee

Kila ninapokutana na wasimamizi wa makao ya wazee au vituo vya watoto, swali ni lile lile: tununue mashine gani ya maji? Nami huwauliza kwanza: saa nane za usiku mzee akiamka na kiu, anakunywa kutoka wapi, na nani anampa?

Nilihudumu miaka kadhaa kwenye makao ya wazee huku Pwani. Jikoni tulikuwa na mashine nzuri ya kusafisha maji, imeletwa na wafadhili, ina taa ya kijani inayowaka maji yakiwa tayari. Msimu mmoja wa masika wazee wanne wa bweni moja waliharisha ndani ya siku tatu. Tukakagua mashine, nzima. Tukapanda juu ya tangi, safi. Mwishowe dada mmoja wa zamu ya usiku akaliinua jagi la plastiki lililokuwa kando ya kitanda, akapitisha kidole kwa ndani pale shingo inapokunja. Kidole kikatoka na utelezi kama wa bamia. Jagi lile lilikuwa likijazwa kila jioni juu ya maji ya jana, na aliyetaka kunywa alichovya kikombe chake humo humo.

Tangu siku ile sipimi tena njia ya kusafisha maji kwa yale yanayotoka kwenye mashine. Nayapima yakiwa kwenye kikombe cha mzee. Ukilinganisha kwa jicho hilo, mpangilio wa njia bora unabadilika sana.

Lita ngapi, na maji yako yana nini

Tuchukue makao yenye wazee 40 na wahudumu 12 wa zamu zote. Lita mbili kwa kila mzee ni lita 80. Ongeza ya wahudumu, ya kusukutulia mdomo, ya kulowekea meno ya bandia, ya kuchanganyia uji wa wanaolishwa kwa mpira, na ya kukorogea chumvi ya kurudisha maji mwilini. Unafika lita 120 kwa siku. Hizo ndizo zinazotakiwa kuwa salama kabisa. Ya kuoga, kufua na kudeki ni hesabu nyingine. Nataja hili mapema kwa sababu nimeona vituo vikitaka kutibu maji yote ya tangi kwa kiwango cha kunywa, vikashindwa gharama, kisha vikaacha hata yale ya kunywa.

Halafu ujue adui yako. Maji yanaweza kuwa na vijidudu, yanaweza kuwa na tope, na yanaweza kuwa na kitu kilichoyeyuka ndani yake ambacho jicho halikioni: chumvi kwenye visima vingi vya ukanda wa Pwani, au floraidi kwenye maji ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida. Hakuna njia moja rahisi inayomaliza yote matatu. Anayechemsha maji yenye floraidi, kwa mfano, anapoteza mvuke na kuiacha floraidi yote sufuriani, hivyo anakunywa nyingi zaidi kwa kila lita kuliko kabla ya kuwasha jiko.

Na usidhani maji ya bomba yamekwisha kazi. Mamlaka ya maji huyatia klorini kwenye mtambo, lakini bomba likikosa msukumo wakati wa mgao, mabomba yenye nyufa hunyonya maji machafu yaliyoyazunguka ardhini. Waliokuwa Dar es Salaam Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao ukaanza, wanakumbuka rangi ya maji ya kwanza kila bomba lilipofunguliwa. Kisha maji hayo yanakaa siku kadhaa kwenye simtanki juani, na klorini iliyokuwemo inaisha. Ya boza ndiyo kabisa. Hujui yametoka wapi wala boza lilibeba nini safari iliyotangulia.

Kuchemsha na klorini, uso kwa uso

Hizi ndizo njia mbili ambazo makao mengi yatachagua kati yake, kwa hiyo nakaa hapa zaidi.

Kuchemsha kunaua kila kijidudu cha kuleta ugonjwa: bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo, virusi vya homa ya ini A, na hata vile vimelea vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yametosha. Kwa walio juu ya mita 2,000, kama Limuru au Eldoret, iwe dakika tatu. Hakuna haja ya yale mambo ya kuchemsha dakika ishirini. Hata tope kidogo halizuii joto kufanya kazi. Na wazee wanaiamini njia hii kwa sababu ndiyo waliyokua nayo.

Sasa weka hesabu mezani. Kupandisha lita 120 kutoka nyuzi joto 27 hadi 100 kunahitaji umeme wa yuniti 10 hivi hata kama hakuna joto linalopotea. Kwa birika au hita ya kawaida andika 11 au 12 kwa siku. Kwa gesi, ukikubali kwamba nusu ya moto hupotea pembeni ya sufuria, ni kilo moja na nusu na ushee kila siku, yaani mtungi wa kilo 15 unaisha kwa siku tisa, na hapo hujapika ugali. Kwa kuni, kadirio la siku nyingi ni kilo moja ya kuni kwa lita moja ya maji. Lita 120 ni mzigo ambao hakuna kituo kitakachoubeba mwaka mzima. Isitoshe, taasisi za Tanzania zinazopikia watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa, kwa hiyo makao makubwa yasiweke mpango wa maji juu ya nishati hiyo.

Lakini gharama siyo udhaifu wake mkubwa. Udhaifu mkubwa ni kwamba maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Yakishapoa, kidole kimoja kichafu kinatosha. Na lazima yapoe: lita 120 za moto huchukua saa nyingi, na katika saa hizo zinakaa kwenye masufuria yasiyofunikwa vizuri, zinahamishwa kwa kata, zinamiminwa kwenye majagi. Kila hatua ni mlango. Pia kuna hatari ambayo watu wa ofisini hawaioni: mhudumu anayebeba sufuria ya lita 30 za maji yanayotokota kupita kwenye korido ambayo mzee anatembea kwa fimbo.

Klorini ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Inashindwa mahali ambapo moto unashinda: vimelea kama kriptosporidiamu vinaistahimili, na kwenye maji ya tope inaishia kupigana na tope. Inahitaji nusu saa kabla ya kunywa, na wahudumu wenye haraka huiiba hiyo nusu saa. Lakini ina kitu kimoja ambacho njia nyingine zote kwenye ulinganisho huu hazina: inabaki ndani ya maji. Ikibaki ya kutosha, mzee akichovya kikombe kwenye jagi, inaendelea kufanya kazi. Kwa makao yenye mikono mingi, vikombe vingi na zamu tatu, hilo kwangu linazidi yote.

Gharama haina mashindano. Kidonge cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji maangavu, hivyo kwa lita 120 ni vidonge sita. WaterGuard na vidonge vingine vya namna hiyo vinapatikana kwenye maduka ya dawa hata miji midogo. Fuata maandishi ya pakiti, kwa sababu vidonge vina ukubwa tofauti, na kile cha lita 5 kwa macho hakina tofauti kubwa na cha lita 20. Wanaotaka kutibu tangi la lita 1,000 kwa klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 watahitaji gramu tatu hivi kupata miligramu mbili kwa kila lita. Gramu tatu ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kipimo cha kukisia kwa kiganja ndicho kinachofanya wazee wakatae maji. Dawa ya kufulia yenye manukato au sabuni ndani yake isiguse maji ya kunywa kabisa.

Ladha, basi. Hapa ndipo klorini inapopigwa vita, na vita hivyo nimevishuhudia. Tulikuwa na bibi mmoja mzaliwa wa Kilwa. Siku ya kwanza tulipoanza vidonge alinusa kikombe, akakirudisha kwenye kisahani. "Mwanangu, maji haya yana dawa. Mimi siumwi. Nipe ya mtungini." Siku ya pili alikunywa vikombe viwili tu. Ya tatu mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Kwa mzee hili ni jambo zito: hisia ya kiu hupungua kwa umri, na anayekataa maji kwa sababu ya harufu anaweza kuishiwa maji mwilini kabla hajapata ugonjwa wowote wa kuhara. Maji salama yasiyonyweka hayajamfaa kitu.

Kilichotusaidia si maneno ya kumshawishi. Tuliacha kutia vidonge asubuhi na kuanza kutia jioni, ndoo zikalala zimefunikwa, na maji yanayonywewa mchana yakawa na klorini iliyopungua lakini bado ipo. Tukanunua kifaa cha kupimia: kisanduku kidogo cha plastiki chenye vichupa viwili, vidonge vya DPD na kadi ya rangi. Unajaza kichupa maji, unatia kidonge, unatikisa, maji yanageuka waridi, kisha unalinganisha na kadi. Lengo ni miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, na isishuke chini ya 0.2 mpaka yanaponywewa. Wapo watu wanaoisikia klorini hata ikiwa 0.3, na bibi alikuwa mmoja wao, lakini kwa kiwango hicho alilalamika huku akinywa. Kabla ya kifaa tulikuwa tunatia kidonge kimoja na nusu kwa ndoo "kwa usalama", na ndicho kilichokuwa kikimkimbiza.

Kuhusu mtungi wenyewe: sikuutupa. Udongo unapoza maji vizuri kuliko plastiki yoyote, na mzee aliyekunywa maji ya mtungi miaka sabini anakunywa zaidi akiuona. Ila udongo unaila klorini haraka, kwa hiyo maji ya mtungini yapimwe mara mbili kwa siku na yasilale. Na kata iondoke. Mtungi uwekewe koki chini, fundi wa vyungu anaweza kuutoboa kabla ya kuuchoma.

Jambo moja la mwisho kuhusu vidonge, na naomba lisisahaulike. Kidonge cha klorini kinafanana na panadoli. Kwenye nyumba yenye wazee waliopoteza kumbukumbu, visikae kabati moja na dawa, visikae kwenye kaunta ya jikoni, na visiachwe kando ya ndoo "nitatia sasa hivi". Kabati lake, ufunguo wake.

Chujio la udongo na yale ya utando

Chujio la udongo uliochomwa, lile lenye chungu ndani ya ndoo au mshumaa mweupe, linanipa raha kulitazama: maji yanatona polepole, yanatoka maangavu na baridi, ladha ni ile ile ya maji. Tundu zake ni ndogo kiasi cha kuzuia bakteria na vimelea, na mengi hupakwa madini ya fedha ili vijidudu visizaliane kwenye udongo. Virusi ni vidogo mno, vingi vinapita.

Shida yake kwa makao ni kasi. Lita moja hadi tatu kwa saa linapokuwa jipya na limejaa, kisha inapungua. Ukijumlisha na ukweli kwamba usiku hakuna anayelijaza, chujio moja linakupa kama lita 20 kwa siku, hivyo utahitaji sita, kila moja na anayelisugua kwa brashi laini bila sabuni na kwa mikono safi. Likipata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaendelea kutoka maangavu vile vile na hutajua. Kwa kituo cha watoto kumi au familia, ningelichukua bila kusita. Kwa wazee 40 ningelitumia kama msaidizi: maji ya tope yapite hapa kwanza, kisha kidonge.

Ya utando wa nyuzi, yenye matundu ya sehemu ya kumi ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hukimbiza maji haraka zaidi na hayahitaji umeme. Yanadai kusafishwa kwa kusukumiwa maji kinyume mara kwa mara. Nimeona mawili yametupwa stoo yakiwa mazima, yameziba tu, kwa sababu bomba la kusukumia lilipotea na aliyefundishwa alihama.

Kama maji yako ni ya tope na huna chujio, shabu bado ni rafiki: yeyusha kidogo, koroga, acha yatuame, mimina yaliyo juu kupitia kitambaa. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo. Zote mbili zinatuamisha tope, haziui vijidudu kwa kiwango cha kutegemewa. Klorini inafuata baada yake.

Chumvi na floraidi: hapa mashine ina hoja

Kisima chako kikiwa na chumvi, njia zote za hapo juu zinabaki pembeni. Mashine ya osmosisi kinyume, ambayo wengi wanaiita RO tu, inasukuma maji kwa nguvu kwenye utando unaozuia chumvi, floraidi na vijidudu kwa pamoja. Ndiyo iliyokuwa jikoni kwetu, yenye taa ya kijani.

Yanayoambatana nayo watu hawaambiwi dukani. Mashine ndogo hutupa lita tatu, nne au zaidi kwa kila lita moja ya kunywa. Kwa lita 120 unamwaga lita 360 au zaidi kila siku. Yakusanye kwenye pipa yadekie na kusafishia choo, kama chumvi yake haijazidi. Umeme ukikatika inasimama. Vichujio vya mbele vikichelewa kubadilishwa, utando wenyewe unakufa, na huo ndio wa bei. Na maji yanayotoka hayana klorini hata chembe, kwa hiyo yanaharibika kirahisi kama yaliyochemshwa. Kosa letu lilikuwa hapo: tulidhani mashine imemaliza, kumbe ilikuwa imeanza tu. Leo ningenunua mashine ile ile na kuweka klorini kidogo kwenye ndoo za kuhifadhia.

Kwa floraidi pekee kuna njia ya bei ndogo zaidi, mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto kule Arusha na pia Nakuru. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa, maji yanapita humo na floraidi inabaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mkaa huo huchoka, na ukichoka maji hayabadiliki rangi wala ladha, kwa hiyo usianze kabla hujajua nani atakuwa akipima. Arusha ndiko pia alikotoka Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliyeshinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015 kwa chujio linalopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Wazo hilo la kupima kwanza ndipo upange chujio ndilo ningetaka kila msimamizi aondoke nalo anapokwenda kuongea na muuzaji.

Kwa watoto uzito wa floraidi ni mkubwa zaidi kwa sababu meno na mifupa bado inajengeka. Kituo cha watoto kule Meru kisianze na vidonge kikadhani kimemaliza.

Jua, taa na maji ya kununua

Chupa angavu zilizolazwa kwenye mabati saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu, zinaua vijidudu kweli. Lita 120 ni chupa 80 za lita moja na nusu kila siku, na masika unazihitaji mara mbili. Sijaona makao yaliyodumu nayo. Iwe njia ya dharura.

Taa ya urujuanimno inafanya kazi ndani ya sekunde, haina harufu, lakini inataka maji maangavu, umeme usiokatika, na taa mpya kila baada ya mwaka hivi. Taa iliyochoka bado inawaka, bado inapendeza, haiui tena. Haiachi ulinzi wowote kwenye maji.

Maji ya chupa kubwa za lita 18.9 yana heshima yake mbele ya wageni. Chupa sita au saba kwa siku, kila siku, ni pesa ambayo makao yetu hayakuwa nayo, na dispensa isiposafishwa inafuga utelezi ule ule wa bamia kwenye koki yake. Ukiyanunua, angalia lakiri na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na uandike tarehe kwenye chupa siku unapoifungua.

Niongeze neno kwa wenzetu wanaofanya kazi ya kutunza wazee Uingereza na kwingineko Ulaya. Huko hofu kubwa kwenye mabomba ya makao ni bakteria wa lejonela, waliopewa jina baada ya mlipuko wa Philadelphia mwaka 1976. Huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45 na huingia mapafuni hasa kwa kuvuta matone madogo sana ya bafu la manyunyu, kwa kawaida siyo kwa kunywa. Ndiyo maana mnaambiwa maji ya moto yatunzwe kwenye nyuzi 60 na mabomba yasiyotumika yafunguliwe kila wiki. Huku kwetu maji "baridi" ya tangi yamo ndani ya joto hilo mwaka mzima. Makao yenye bafu za manyunyu zilizokaa bila kutumika yazifungue kila wiki yaachie maji kwa dakika kadhaa, mzee akiwa nje.

Hatua za mwisho kabla ya mdomo

Hapa ndipo makao yetu yalipoanguka, na gharama ya kurekebisha ilikuwa ndogo kuliko kichujio kimoja cha mashine. Ndoo zenye koki na mfuniko unaobana badala ya ndoo wazi. Hakuna kata, hakuna kuchovya. Majagi mawili kwa kila kitanda, moja likiwa kitandani na lingine likikauka juani limeinamishwa, kila siku yanabadilishana. Maji ya jana yanamwagwa kwenye maua, hayaongezewi. Jagi lenye mdomo mpana unaopitisha mkono mzima na sifongo. Yale yenye shingo nyembamba tuliyagawa yakawa ya maua. Kikombe kina jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha, ambayo haifutiki haraka kama kalamu.

Anayeshindwa kunyanyua jagi awekewe kikombe chenye mdomo wa kunyonyea, na kisafishwe ndani ya mdomo huo kwa brashi nyembamba. Nimepasua kimoja kwa kisu ili kuwaonyesha wahudumu kilichokuwa ndani. Sikuhitaji kusema neno.

Kupima, mara moja kwa wiki chukua maji kutoka jagi la kitandani, siyo kutoka koki ya jikoni. Klorini kwa kile kisanduku cha waridi. Kila mwezi, kichupa chenye karatasi ya kugundua dalili za kinyesi: unajaza, unaacha mahali penye joto siku moja hadi mbili, karatasi ikiwa nyeusi kuna tatizo. Ni kipimo cha onyo tu. Mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya masika, peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya mkoa. Bakteria aina ya E. koli wasionekane kabisa kwenye mililita 100.

Ningechagua nini mimi

Makao ya wazee 40 mjini, maji ya bomba yenye mgao: klorini jioni kwenye ndoo za koki, kifaa cha kupimia, na birika moja la umeme kwa wale wenye kinga dhaifu, wanaotumia dawa za saratani au wanaolishwa kwa mpira, maana hao wanastahili maji yaliyochemshwa siku hiyo hiyo. Mashine isinunuliwe.

Kigamboni au popote penye kisima cha chumvi: RO, na klorini baada yake. Bajeti ya vichujio vya mwaka mzima itengwe siku ile ile ya kununua mashine, na kama mfadhili anatoa mashine bila vichujio, aombwe mashine ndogo na vichujio vingi.

Kituo cha watoto kwenye ukanda wa floraidi: kipimo cha maabara kwanza, kisha mkaa wa mifupa au kuvuna maji ya mvua, ambayo hayana floraidi, yakitunzwa kwenye tangi lililofunikwa na kutiwa klorini. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa.

Kijijini, mto wa tope, bila umeme: shabu au mlonge, kitambaa, chujio la udongo kama lipo, kidonge. Kuchemsha kubaki kwa wagonjwa na kwa siku ambazo vidonge vimeisha.

Na popote pale, kabla hujasaini karatasi ya kununua chochote, muite mhudumu wa zamu ya usiku, aliye mgeni kuliko wote. Mpe maelezo mara moja. Kisha mwache akutayarishie maji ya bweni zima huku wewe umekaa kimya. Sisi tulipofanya hivyo, dada yule alitia vidonge saa kumi na mbili jioni, akaandika kwenye daftari lililofungwa kamba ukutani, akasubiri nusu saa kwa kuangalia simu yake, akapima. Waridi hafifu. Akaandika 0.5, akabeba majagi makavu mawili mawili, akaanza na kitanda cha bibi wa Kilwa.